Nauli ya Dar au darubini ya Kariakoo?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi simu hapa Morogoro, nina miaka 26. Tangu mwaka jana nimeshikwa na nyota. Nimeweka programu kwenye simu, na kila umeme ukikatika natoka nje kutazama. Kuna chuo Dar kimetangaza usiku wa kutazama nyota mwezi wa saba, kiingilio bure. Nikipiga hesabu ya nauli, chakula na mambo madogo madogo, inafika kama elfu sitini. Rafiki yangu aliyewahi kwenda kwenye shughuli kama hiyo anasema alipanga foleni saa nzima akaonyeshwa kidoa. Nimedunduliza laki tatu na nusu, na Kariakoo nimeona darubini ya bei hiyo hiyo, boksi limeandikwa inakuza mara 525. Niende Dar, au nitunze elfu sitini yangu, ninunue darubini nianze mwenyewe?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nenda Dar. Hiyo darubini ya boksi usiishike mpaka urudi, na nadhani ukirudi hutaitaka tena.

Nianze na rafiki yako, maana aliyoyasema ni kweli tupu. Watu sitini wakijipanga nyuma ya darubini moja, kila mmoja akapewa dakika yake, saa nzima imekwenda. Na dakika yenyewe huliwa njiani. Mtu anafika, anafumba jicho ambalo alitakiwa alifumbue, anakamata bomba kwa mikono miwili kama usukani wa lori, sayari inatoka nje ya duara, mwenye darubini anamwomba asogee kidogo, anaitafuta upya. Hata isipoguswa na mtu, dunia haisimami: ukiwa umekuza mara mia hivi, sayari inavuka duara zima na kutoweka ndani ya dakika mbili, kwa hiyo kila baada ya watu wawili watatu lazima irudishwe. Toa hayo yote, rafiki yako alitazama mbingu kwa sekunde kumi na tano. Hata mimi ningenuna.

Kidoa nacho nakijua. Usiku wa kipupwe, kitu ambacho wenye darubini hupenda kukionyesha ni Omega Centauri, fungunyota kubwa lililo upande wa kusini. Nyota zake hukadiriwa kufika milioni kumi, na mwanga unaokufikia leo uliondoka kule miaka kama 17,000 iliyopita. Ukiwa Dar chini ya taa za barabarani, tena umetoka kujibu meseji sasa hivi, unaona kama mtu kapumulia kioo. Basi. Jicho la binadamu linataka dakika ishirini mpaka thelathini za giza ndipo lizoee, na simu moja tu usoni inakurudisha ulikoanzia. Omega Centauri hiyo hiyo, jicho likishatulia, ukaitazama kwa pembeni badala ya kuikazia macho, huanza kuchambuka punje kwa punje, kama sembe iliyomwagika juu ya kaniki. Rafiki yako hakuonyeshwa kitu kibaya. Alionyeshwa haraka.

Sasa utaniuliza, kama mambo ndiyo hayo, kwa nini nakutuma ukatumie nauli.

Nikupe kisa changu. Nilianza peke yangu, na ramani ya nyota niliyoichana kwenye gazeti la zamani, na kwa misimu miwili nilikuwa naijua Salibu ya Kusini, lile kundi la nyota lenye umbo la msalaba, vizuri kabisa. Nilikuwa nawaonyesha hata wageni nyumbani. Halafu mwanzoni mwa mwezi wa tatu mmoja nikaenda kwenye mkusanyiko wa wapenzi wa nyota ufukweni, darubini mbili tu na watu kama ishirini. Alikuwepo mzee mmoja aliyefanya kazi ya ubaharia ujanani. Akanisikia nikimwelekeza binti mmoja: "Salibu ile pale, juu ya mnazi." Akasubiri nimalize, kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ni ya uongo. Yenyewe ndiyo kwanza inatoka majini. Kaa chini." Nikakaa. Yapata saa tatu na nusu, upande wa kusini mashariki, ikawa imesimama juu kidogo ya upeo wa bahari: ndogo kuliko ile yangu, kali kuliko ile yangu, na chini yake zikaanza kuchomoza nyota mbili zinazong'aa, moja baada ya nyingine. "Hao ni mashahidi wake," akasema. "Isiyokuja na mashahidi usiifuate, utapandisha chombo mwambani."

Ile niliyokuwa naitukuza miaka miwili inaitwa kweli Salibu ya uongo. Ni nyota nne za makundi mengine, zimejipanga kwa umbo lile lile, kubwa zaidi na hafifu zaidi, na hutangulia Salibu yenyewe kwa saa tatu na zaidi. Anayejifunza peke yake huweza kukosea hivyo maisha yake yote, kwa sababu mbingu haikusahihishi.

Hicho ndicho unachokwenda kukitafuta Dar: mtu wa kukusikia ukikosea. Programu yako ya simu haiwezi. Yenyewe inakuandikia jina pale simu ilipoelekea, na wewe fundi unajua kuliko mimi dira ya simu inavyodanganya ikiwa na sumaku ya spika jirani, au kava lenye kile kisumaku cha kufungia. Ikipinda digrii ishirini, inakuambia hii ni sayari ya Zohali, nawe unaamini, kumbe unatazama nyota ya kawaida tu. Mtu aliyesimama ubavuni mwako anaona kidole chako kimeelekea wapi. Wala jambo hili si geni kwetu. Jioni ya kutafuta mwezi mwandamo watu hupanda kwenye mapaa na kwenda fukweni, na nani anauona peke yake? Wa kwanza anaunyoshea kidole, wa pili anaegemeza shavu kwenye bega lake, anaufuata mkono mpaka kwenye kile kijiuzi cha nuru. Ukishauona mara moja, unashangaa ulikuwa huuoni kwa nini.

Sababu ya pili ni fedha zako.

Boksi la mara 525 nadhani nalijua hata bila kuliona. Ukuzaji wa darubini si siri ya kiwandani, ni kugawanya tu: urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka kioo mpaka pale mwanga unapokutana), gawanya kwa ule wa lenzi ndogo unayowekea jicho. Milimita 700 ukigawanya kwa 4 unapata 175. Ndani ya boksi wameweka pia kijilenzi cha kuongeza mara tatu. 175 mara tatu, 525. Hesabu haina kosa. Kosa ni kwamba kinacholeta picha ni upana wa kioo kikuu kinachokusanya mwanga, na darubini za namna hiyo kwa kawaida zina kioo cha milimita 76. Kanuni ya wenye uzoefu ni kwamba usikuze zaidi ya mara mbili ya upana huo kwa milimita, yaani hapo mara 150, tena siku ya hewa tulivu. Ukipita hapo, unachokiona ni sawa na mteja aliyekuletea picha ya WhatsApp anataka uivute iwe bango. Inakuwa kubwa, ndiyo. Kisha ina kile kigoda chake cha miguu mitatu cha bati: ukikigusa ili kurekebisha, picha inatetemeka sekunde kadhaa, na muda huo sayari imeshajiendea. Mimi nilinunua ya kwangu ya namna hiyo, duka silitaji, mwenye duka naye alikuwa anasoma boksi kama mimi. Nilifanikiwa kuuona Mwezi. Zohali sikuipata hata siku moja. Miezi minne baadaye ilikuwa juu ya kabati, na kwa mwaka mzima niliamini kwamba tatizo ni mimi.

Kwenye usiku wa watu wote utakuta darubini tatu, nne, pengine sita za aina tofauti, na wenyewe wapo. Hakuna duka litakalokupa nafasi hiyo. Tazama kitu kile kile kwenye zote. Anza na Mwezi ukiwepo, kisha sayari yoyote iliyoko juu, na ulinganishe: ipi inatetemeka, ipi mwenye nayo anahangaika nayo, ipi inaelekezwa kwa kidole kimoja. Nina hakika utajikuta umerudi kwenye ile nene isiyo na kigoda, imekaa juu ya sanduku la mbao, inasukumwa kwa mkono kama mlango wa kabati. Mtindo huo ni wa John Dobson, Mmarekani aliyezaliwa Beijing mwaka 1915, akawa mtawa wa Vedanta, falsafa ya Kihindu, huko California, akawa anachonga vioo vya darubini kwa siri kutokana na vioo vya madirisha ya meli, na mabomba ya karatasi ngumu. Utawa ulimshinda, au tuseme darubini zilimshinda, wakaachana naye mwaka 1967. Mwaka uliofuata akiwa na vijana wawili akaanzisha kikundi cha kuweka darubini kando ya njia San Francisco, kila mpita njia anaitwa aje aone Mwezi bure. Mikusanyiko mingi ya leo ya namna hii inafuata nyayo zake. Kwako wewe la maana ni hili: lile sanduku la mbao hata seremala wa Kihonda, hapo hapo Morogoro, anaweza kulipiga. Kinachonunuliwa nje ni vioo na lenzi.

Sisemi kila tangazo la usiku wa nyota ni la kukimbilia. Mengine ni sherehe tu. Niliwahi kualikwa na taasisi moja kuonyesha watu mwezi mchanga wa siku tatu na Zuhura karibu yake, mandhari ambayo hata mtoto haisahau. Jua likazama, mwezi uko pale, mimi nimeshapanga vyombo. Lakini mgeni rasmi hajafika. Akafika. Ukaimbwa wimbo, kikafuata kikundi cha ngoma, risala, utambulisho wa meza kuu, hotuba, neno la shukrani kwa hotuba. Tulipoambiwa "sasa tuelekee kwenye darubini" ilikuwa saa tatu kasoro, na mwezi wa siku tatu huzama kama saa mbili na zaidi kidogo baada ya jua. Ulikuwa umeshapita nyuma ya paa la ukumbi. Tuliwaonyesha wageni taa ya mnara wa simu, wakafurahi sana.

Kwa hiyo kabla hujakata tiketi, piga simu uulize mambo mawili. Zitakuwepo darubini ngapi, na mwezi utakuwa na siku ngapi. Tarehe nzuri kwa mgeni wa mambo haya ni siku ya sita mpaka ya kumi ya mwezi mwandamo. Jua hapo linaupiga Mwezi kwa ubavu, na kwenye ule mstari unaogawa mwanga na giza kila kasoko, yale mashimo ya Mwezi, inatupa kivuli chake, unaona kingo, unaona kilele katikati. Kasoko ya Copernicus peke yake ina upana wa kilomita 93, na siku ya tisa hivi, asubuhi ya huko Mwezini inapoifikia, unaweza kuona kuta zake zimeshuka kwa ngazi. Mwezi mpevu haufai. Watu wanaupenda kwa sababu ni mkubwa, lakini jua liko nyuma yako wakati huo, hakuna kivuli, unaona sahani nyeupe inayoumiza macho, tena mwanga wake umefukuza nyota zote. Wakikuambia wamechagua usiku wa mwezi mpevu ili "kupendeze", baki Morogoro.

Ukienda, nenda mapema, jua halijazama. Wakati huo wenye darubini wanaunganisha vyombo vyao, wanalinganisha vioo, hawana foleni, na wanapenda mno kuulizwa. Usisimame ukitazama tu. Sema, "Mzee, nikushikie nini?" Utapewa taa nyekundu uishike, na ndani ya robo saa utakuwa unajua kwa nini ni nyekundu (hailiharibu jicho lililozoea giza) na kwa nini kioo kilichotoka ndani ya gari lenye kiyoyozi kinapaswa kukaa nje kwanza kabla ya kutumika.

Foleni ikianza kurefuka, jitoe. Kale mihogo. Watu wengi huja na watoto, na saa nne wanaondoka. Hapo ndipo usiku wako unaanza. Saa nne na nusu hakuna mkuu wa itifaki wala kipaza sauti. Wamebaki watu saba, wanne kati yao ndio wenye darubini, na anayetaka kuangalia anaangalia dakika kumi mfululizo. Mwombe mmoja akuachie uitafute nyota mwenyewe. Mwambie, "Naomba nianze na Rijili Kantori." Ndiye shahidi mkali zaidi wa Salibu, jirani yetu wa umbali wa miaka ya nuru minne na kidogo. Kwa macho ni nyota moja. Utasukuma bomba, utaikosa, utaenda kulia ilipotakiwa kushoto kwa sababu picha imegeuka, atakucheka, atakushika kiwiko. Ukishaipata, ukakuza mara mia, nyota moja inakuwa mbili, zimekaa pamoja kama macho ya paka. Fanyeni haraka tu. Mwezi wa saba Salibu na mashahidi wake hulalia upande wa kusini magharibi mapema, na usiku wa manane Salibu iko karibu kuzama.

Halafu geuka, tazama juu. Hapo huhitaji foleni. Saa tatu usiku katikati ya mwezi wa saba Nge iko karibu na utosi, mkia wake umejikunja hasa kama nge, na moyo wake ni nyota nyekundu. Mwombe mtu akupitishe nyota kwa nyota bila kifaa chochote, kisha umrudishie wewe, ukimwonyesha kwa kidole. Ukikosea atasema. Nusu saa hiyo ina thamani kuliko yote utakayoyaona ndani ya bomba.

Tahadhari moja. Ukikuta mtu mchana wa siku hiyo ameelekeza darubini kwenye jua, hakikisha chujio limefunika mdomo wa mbele wa bomba, pale mwanga unapoingilia. Vile vichujio vidogo vya kukaza kwenye lenzi ya jicho, vilivyokuwa vikiwekwa kwenye darubini za bei nafuu, hupata joto na kupasuka, na jicho haliuzwi dukani. Nilikuwepo Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa likabaki pete, na kilichonifurahisha kuliko pete yenyewe ni jinsi miwani michache ilivyozunguka kutoka mkono hadi mkono, bibi anampa mwanafunzi, mwanafunzi anampa dereva. Tarehe 2 Agosti 2027 kuna kupatwa kamili kutakakopita Luxor, Jeddah, Makka na kaskazini mwa Somalia. Sisi huku tutapata kipande tu. Nunua miwani mapema.

Uende mara ngapi? Mara mbili, labda tatu, usiku mmoja wa kipupwe na mwingine wa Januari, kundi la Jabari na ile nyota kali ya Shira zinapokuwa juu. Baada ya hapo mikusanyiko haitakufundisha mengi kama hujageuka kuwa wewe unayeelekeza. Wapo niliowaona miaka nane wakija kila tangazo, wanatazama Zohali, wanasema "subhanallah", wanarudi nyumbani, na mpaka leo hawajui Zohali iko upande gani wa mbingu. Si dhambi. Lakini wewe umesema unataka kuanza.

Kwa Morogoro una bahati na una kikwazo. Bahati ni kwamba ukitoka nje ya mji kidogo giza lipo, ambalo mtu wa Dar analifuata kwa saa mbili za gari. Kikwazo ni Uluguru. Mji uko kaskazini mwa milima, kwa hiyo kila kinachokaa chini upande wa kusini kinaliwa na mlima: Salibu inachelewa kuonekana na inawahi kupotea, na yale Mawingu ya Magellan, galaksi mbili jirani zinazoonekana kama mabaka hafifu, hutayapata sawasawa. Tafuta uwanja ulio mbali na mlima, upande wa kusini uwe wazi, ndipo uweke mkeka.

Na ile laki tatu na nusu, toa nauli kwanza. Kwa kinachobaki, kama huko Dar watakuruhusu ujaribu darubini za macho mawili za 10x50 au 7x50 (namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita), zile ambazo mabaharia na walinzi wa wanyamapori hutumia, zishike. Egemeza viwiko ukutani, zielekeze kwenye sayari ya Mshtarii ikiwa juu, na utaona vijinukta vyake pembeni, miezi ile ile ambayo Galileo aliikuta Januari 1610. Nunua hizo. Ile darubini ya sanduku la mbao utaijenga polepole, vioo mwaka huu, sanduku mwaka ujao. Ukishampata wa kukuuzia vioo niandikie, nikuambie cha kukagua kabla hujatoa hela.